Ziara ya mgodi wa dhahabu Ouro Preto: uzoefu wangu

Ukifika Ouro Preto, Brazili, anza na mgodi, makanisa yafuate. Mimi nilianza kinyume. Siku ya kwanza nililipia ziara ya mji kwa kampuni moja ya pale. Tulipanda na kushuka vilima saa tatu nzima, tukaonyeshwa altare zilizopakwa dhahabu na kazi za mchongaji Aleijadinho, na mwongozaji hakutamka neno "mtumwa" hata mara moja. Mama yake Aleijadinho alikuwa Mwafrika mtumwa! Iliniuma sana.

Kesho yake nikaingia kwenye mgodi wa karne ya 18, wa enzi zile mji ukiitwa Vila Rica. Unapewa kofia ngumu, na utaihitaji, maana hatua chache tu nilikuwa nimeinama, bega likisugua mwamba uliolowa maji. Kijana aliyetuongoza akamulika ukuta kwa tochi, akaniambia niguse. Alama za tindo, fupifupi, zimebanana, zote zimelala upande mmoja. Mimi nimekulia Geita, mkoa wa dhahabu Tanzania, nikiona maduara (mashimo ya wachimbaji wadogo) na mialo (sehemu za kusaga na kuosha mawe ya dhahabu) tangu utotoni, hivyo vidole vyangu viliielewa kazi ile kabla hajaanza kueleza.

Na alieleza vizuri. Wareno waliwatafuta hasa watu wa Pwani ya Mina, Afrika Magharibi, kwa sababu walikuwa mafundi wa dhahabu tangu kwao. Shuleni nilifundishwa kwamba Brazili ilichukua nguvu zetu tu. Kumbe na utaalamu pia! Moja ya tano ya dhahabu ilikuwa haki ya mfalme wa Ureno, na waliochimba walibaki mali ya mtu. Utumwa ulifutwa mwaka 1888.

Akatusimulia pia habari za Chico Rei, ambaye kwa masimulizi ya wenyeji alikuwa mfalme kutoka Kongo, akajikomboa kwa dhahabu na kuwakomboa wenzake. Husemwa kwamba wanawake walificha vumbi la dhahabu kwenye nywele, wakaenda kuziosha katika kanisa la Santa Efigênia, na ndivyo lilivyojengwa.

Ziara hii naipa alama zote. Ila maelezo ni kwa Kireno, hivyo tafuta wa kukutafsiria, na mwenye pumu au magoti mabovu afikirie mara mbili. Ukitoka, pitia Casa dos Contos, jumba la kale ambalo sasa ni makumbusho, ushuke hadi chini walikolazwa watumwa. Kisha panda Santa Efigênia kabla jua halijawa kali. Kile kilima si mchezo, beba maji.