Gari ya kukodi Pemba: rejeta nimesamehe, kanga sisamehi

Sikukusudia kuandika haya. Mke wangu aliniambia yaache, na kweli niliyaacha. Lakini jana nimewapigia tena wenye gari, na nilipoweka simu chini mikono ilikuwa inanitetemeka. Basi leo nimekaa kitako. Jina lao silitaji, wakisoma watajijua.

Tulikuwa tunakwenda harusini Konde, mimi, mke wangu na mama mkwe. Mama ni mzaliwa wa Pemba ila kaishi Unguja miaka mingi mpaka Kipemba chake kilishalala. Tulishuka boti Mkoani na gari tukaikuta bandarini inatusubiri. Kijana aliyeileta alikuwa mcheshi, akafuta vioo mbele yetu, akampakilia mama mizigo yake mmoja mmoja. Lau ningeandika saa ile, ningewapa nyota zote tano na dua juu yake.

Chake Chake tulikula, tukasali, laasiri tukaondoka. Ulikuwa msimu wa karafuu. Kwa asiyejua, msimu ukifika barabara za Pemba zinageuka uwanja wa kuanikia: majamvi yametandikwa pembezoni, karafuu zinaanza kuwa hudhurungi, nawe dereva unapinda kidogo usije ukakanyaga riziki ya mtu. Mama alishusha kioo, kafumba macho, anavuta pumzi tu. Mke wangu akaniashiria nisiseme neno. Hapo ndipo katika harufu ya karafuu ikaingia harufu nyengine, tamu-tamu, ya kitu kinachoungua.

Mshale wa joto ulikuwa umeshafika mwisho. Tukawa hatuioni njia kwa mvuke uliofumuka kwenye boneti. Nikasukuma gari pembeni, karibu na nyumba moja ya udongo yenye baraza, si mbali sana na Konde. Kijiji sitokitaja, nisije nikawapelekea watu wa watu usumbufu.

Nikapiga simu.

"Uko wapi?"

"Nakaribia Konde. Gari imechemsha, maji yote yamemwagika."

"Aa, hapo mbali, bwana."

Mbali! Kisiwa chote, kutoka ncha ya kusini mpaka ncha ya kaskazini, hakifiki kilomita 70. Mbali na wapi? Nimekwama Maskati? Nikamwambia nina mtu mzima ndani ya gari na jua linazama. Akanijibu, nayaandika kama alivyoyatamka: "Gari tulikupa nzima." Kisha akakata.

Maneno matatu yale nimelala nayo, nimeamka nayo. Gari tulikupa nzima. Kama kwamba mie nimeingia ndani ya boneti nikautafuna mpira wa rejeta kwa meno yangu. Wangesema "pole" tu, neno lisilo gharama yoyote, leo ningekuwa nafanya shughuli zangu.

Kwa hasira zile nikafungua boneti na kutia mkono kwenye kifuniko cha rejeta. Nikasikia ukelele nyuma yangu: "Usikifungue! Usikifungue, mwanangu, yatakuunguza uso!"

Alikuwa bibi mmoja wa makamo, katoka kwenye baraza na ungo mkononi. Akaweka ungo chini, akarudi ndani, akatoka na kanga. Akaitia maji kwenye ndoo, akaikunja mara nne, akanipa. "Kifunike kwanza. Kisha subiri." Nilipoiweka juu ya rejeta ule mvuke ulipanda na harufu ya udi. Hapo ndipo nikajua kwamba sikupewa tambara. Ile ni kanga iliyokuwa imekunjwa sandukuni, imefukizwa, imewekewa siku yake. Mji wake wa buluu, pindo la machungwa, jina limeanza kufutika kwa kufuliwa. Neno nililoweza kulisoma ni moja tu, "jirani".

Nikamwambia, "Mama, hii si itaharibika?"

"Kwani uso wako hautoharibika?"

Baada ya hapo sikuwa tena mwenye mamlaka juu ya gari ile. Watoto walikuja na maji. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na gari la ng'ombe akasimama, akatushushia madumu mawili, akaendelea na safari yake bila hata kuuliza jina. Mama mkwe alikwishashuka. Bibi akamuuliza, "Wewe wa nani?" Mama akataja baba yake, akataja babu yake, akataja mtaa, na kabla sijafunga boneti walikuwa wameshapata shangazi wa pamoja aliyefia Wete. Basi akakaribishwa jamvini na wanawake wenziwe, wakawa wanachambua karafuu, karafuu zinakwenda huku na makonyo, vile vijiti vyake, yanawekwa kando. Mama yangu yule mwenye kulalamika magoti alichambua mpaka giza likaingia, na Kipemba chake kikaamka chote. Mimi nusu ya maneno siyafahamu. Mke wangu anacheka, mimi nina hasira, na wote tunaletewa muhogo wa nazi na ng'onda.

Aliyetengeneza alikuwa kijana wa nyumba ya pili, karudi msikitini baada ya maghribi na kanzu yake. Akavua kanzu, akabaki na fulana, akamulika kwa simu. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka urefu wa kidole. "Huu wa zamani," akasema, akaukunja kidogo na nyufa zikaonekana kote kama kisigino cha mkulima. (Gari nzima hiyo, jamani.) Hakwenda kutafuta spea, maduka yalishafungwa. Alichofanya ni kuipindua baiskeli yake mwenyewe, akatoa tyubu ya nyuma, akaikata kwa kisu ukanda mrefu wa vidole viwili. Akaupangusa mpira mpaka ukakauka, akaanza kuzungusha ule ukanda huku anauvuta kwa nguvu, kila mzunguko unakanyaga nusu ya mwenziwe, kama mtu anayefunga bendeji, mpaka tyubu nzima ikaisha. Juu yake akafunga waya. Akatia maji kidogo kidogo, gari inanguruma polepole, na kifuniko akakiacha bila kukikaza mpaka mwisho ili presha isipande ikaurarua mpira tena. "Nenda taratibu. Mshale ukipanda, simama. Usione haya kusimama."

Nilimpa elfu ishirini. Akanitazama, akaingia ndani, akarudi na chenji. Kachukua elfu tano tu, bei ya tyubu. Nilipomshikiza iliyobaki akasema, "Hiyo kampe bibi harusi," akavaa kanzu yake akenda kula. Kaka yake ndiye aliyetufuata na pikipiki nyuma mpaka Konde, anatumulikia, tunakwenda mwendo wa jeneza.

Kanga ilikuwa imerowa chapachapa na masizi ya injini. Nikataka kumpa mwenyewe, bibi akakataa. "Iweke, huenda ukaihitajia tena njiani. Utanipitishia ukirudi." Nikaiweka kwenye buti juu ya madumu.

Sasa niwe mwadilifu, kwa sababu hapa ndipo maoni yangu yalipogeuka mara ya kwanza. Asubuhi yake, kabla watu hawajamaliza chai, wenye gari walikuwa wamefika Konde. Wameleta gari nyengine, nzuri kuliko ile. Hawakudai senti, siku moja ya kukodi wakanirudishia, na aliyekuja akasema samahani bila kuombwa. Nilishangaa, na niliona haya kidogo kwa niliyokuwa nimeyatukana moyoni usiku kucha. Nikamwambia mke wangu, hawa ni watu wazuri, yule wa simu tu ndiye ana ulimi wa upanga. Nikawapa nyota tatu. Nilikuwa nafikiria hata nne.

Madumu yalishashushwa usiku, harusini maji hayatoshi. Kanga hakuna aliyeikumbuka. Ikaondoka na gari mbovu.

Tuliporudi nilisimama pale barazani na mfuko wa halua na mikono mitupu. Nikaeleza. Bibi akacheka: "Si kitu, mwanangu, kanga tu hiyo." Akasema hivyo huku amejitanda kanga ya mji wa buluu na pindo la machungwa. Nikakumbuka: kanga ni doti. Vipande viwili, kimoja kiunoni kimoja kichwani, na kimoja kikipotea kilichobaki ni mjane. Mama mkwe aliniangalia kwa jicho ambalo wakwe wenzangu mnalijua.

Tangu hapo nimewapigia wale watu mara nne. Mara ya kwanza, "tutaangalia." Mara ya pili, "kijana hayupo." Mara ya tatu nikaambiwa kulikuwa na tambara la buluu kwenye buti, labda aliyeosha gari kafutia vioo. Tambara! Nikamwomba kwa upole, kwa upole kabisa, walitafute hata kama limechanika, nitalifua mwenyewe. Jana nikapiga ya nne, nikapokewa na sauti ile ile ya "hapo mbali". Akanisikiliza mpaka mwisho, akacheka. "Bwana, kwa kanga moja kweli?" Kisha akakata.

Basi zile nyota tatu nazichukua zote. Gari ya pili ilikuwa nzuri, ndiyo, na anayetaka gari Pemba pengine asinisikilize mimi, maana kuharibika ni kuharibika, chuma hakina ahadi. Mkikodi kwao kodini. Ila kamata mpira wa rejeta uukunje kwanza, na usiache kitu cha mtu ndani ya buti.

Nimenunua doti mpya Darajani, buluu na machungwa vile vile, ghali kuliko nilivyodhani. Nilimwonyesha mama mkwe. Akaipapasa, akainusa, akairudisha ndani ya mfuko. "Mpelekee," akasema, "lakini hii si yake."

Ipo hapa juu ya kabati, sijampelekea. Nasubiri ile. Wenye gari, nambari yangu mnayo. Ndiyo ile mliyoikatia jana.