Kaunta ya Jiko Arusha na Moshi: Jiwe Lipi Linafaa Kununuliwa

Anayejenga au kukarabati nyumba Moshi au Arusha, akitaka kujua kaunta ipi itamfaa, afikirie mkungu wa ndizi kabla ya kufikiria rangi. Ndizi za mtori na machalari humenywa karibu kila nyumba, na utomvu wake ukidondokea jiwe lenye vinyweleo hupenya, hugeuka kahawia unapokauka, na sabuni haiuondoi tena. Kipimo hicho, pamoja na cha sufuria inayotoka motoni, ndicho nilichotumia kupanga nafasi hizi.

Nafasi ya kwanza naipa jiwe la kutengenezwa kiwandani, ambalo wauzaji huliita kwatzi. Takriban asilimia 90 ya uzito wake, na mara nyingi zaidi ya hapo, ni madini ya kwatzi yaliyosagwa. Kinachobaki ni rezini, yaani gundi ya plastiki, pamoja na rangi. Mchanganyiko huo hushindiliwa kwa mtetemo huku hewa ikinyonywa, kisha hupashwa joto hadi ukakamae, na ndiyo maana jiwe hili halinywi utomvu wala mafuta, wala halihitaji kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo. Manjano yakimwagika, yafutwe mapema na yatatoka.

Udhaifu wake ni moto. Rezini huweza kuharibika joto linapofika nyuzi 150 hivi, na mafuta ya kukaangia ndizi huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Katika jiko langu mwenyewe, pembeni mwa jiko la gesi, lipo duara la rangi ya njano lenye upana wa kikaangio, alama ambayo muuzaji alinihakikishia kwamba isingeweza kutokea. Kila ninapofuta kaunta, vidole hukwaruza mahali palipokuwa laini kama kioo, na hakuna fundi aliyeweza kuliondoa. Kwa hiyo kibao cha mbao cha kutulia sufuria kihesabiwe ndani ya bei ya kaunta tangu mwanzo.

Chagua bamba la unene wa milimita 20. Lina uzito wa karibu kilo 50 kwa mita moja ya mraba, na lile la milimita 30 hukaribia kilo 75, uzito ambao makabati ya mbao nyembamba hayaubebi bila kuimarishwa. Fundi apime baada ya makabati kufungwa, kwa kuwa kuta zetu mara nyingi hazikunyooka. Pembe za tundu la sinki zizungushwe, maana pembe kali ndipo ufa unapoanzia, na kiungo cha mabamba mawili kisipitishwe kwenye tundu hilo. Omba pia kipande cha sampuli, ukidondoshee utomvu, manjano na limao, ukiache usiku kucha kabla hujalipa chochote.

Jambo lisilopaswa kuachwa ni vumbi. Kulikata jiwe hili likiwa kavu hutoa vumbi laini la silika, yaani kwatzi yenyewe iliyosagika, linaloingia ndani kabisa ya mapafu na kusababisha silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuuponya. Watu wa Arusha wanaowafahamu wachimbaji wa tanzanaiti wa Mirerani hawahitaji kuelezwa zaidi. Australia ilipiga marufuku jiwe hili kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya mafundi waliougua. Kaunta iliyokwisha kufungwa haimdhuru mpishi, lakini fundi anayekuja na grainda kavu na kitambaa puani asiruhusiwe kukata nyumbani kwako: likatwe karakana, kwa mashine inayomwagiwa maji, na mkataji avae barakoa inayochuja vumbi laini. Ikiwa huna hakika kwamba hilo litafanyika, shuka nafasi ya pili.

Nafasi hiyo ni ya granaiti, ambayo huvumilia sufuria ya moto kuliko kwatzi, ingawa nayo ina silika na hukatwa kwa uangalifu uleule. Dondosha maji juu ya sampuli: jiwe likibadilika rangi baada ya dakika chache, linanywa, na litahitaji dawa ya kuziba mara kwa mara. Nyeusi iliyokolea huficha utomvu vizuri.

Ya tatu ni terazo, yaani saruji yenye vipande vya mawe, ambayo fundi humwaga na kuisaga, na ambayo huwapunguzia wengi gharama, ila saruji yake huliwa na limao na siki. Vigae ni vya nne. Vyenyewe ni imara, lakini mistari ya kati hushika uchafu. Marumaru ya asili naiweka mwisho kabisa, kwa kuwa nyanya moja iliyokatwa juu yake huacha doa lililofifia.

Kwa jiko la nje lenye mafiga au mkaa, mpangilio huu hubadilika: jua hugeuza rangi ya rezini, hivyo huko weka granaiti au terazo.