Je, Faraday Angepata Nobel? Nimefungua Dainamo ya Baiskeli

Asalaam aleikum ndugu zangu, karibuni tena. Nipo kibarazani hapa Mikindani, na mezani nina dainamo ya baiskeli, mtumba, nimeinunua mjini Mtwara. Nilipanga kuwapimia hii dainamo tu. Lakini jana mpwa wangu, huyu anayenishikia kamera, akaniuliza: "Mjomba, aliyegundua kitu hiki walimpa Nobel?" Swali hilo nimelala nalo, kwa hiyo leo tunampima na mwenyewe.

Sogea, mpwa, waone ndani. Hapa katikati ni sumaku, inazunguka. Huku pembeni ni waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme wote unatoka hapo, betri hamna.

Mwenyewe ni Michael Faraday, Mwingereza, mtoto wa mhunzi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kujalidi vitabu, na elimu yake kubwa aliipata kwa kusoma vile alivyokuwa anavijalidi. Tarehe 29 Agosti 1831, akiwa London, alichukua pete ya chuma akaizungushia nyaya mbili zisizogusana. Moja aliiunga na betri, ya pili aliipitisha karibu na sindano ya dira. Alipounga betri, sindano iliruka, kisha ikatulia, ingawa betri bado ilikuwa imeungwa. Alipoitoa, ikaruka tena, safari hii upande wa pili.

Hapo ndipo akili yake ninapoiheshimu. Wengi walikuwa wanatafuta umeme kwenye sumaku iliyotulia, na kwenye sumaku iliyotulia haupo. Unatokea pale tu sumaku inapobadilika au inaposogea. Oktoba mwaka uleule alisukuma sumaku ndani ya koili, umeme ukapita. Kisha akazungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa, akapata mkondo usiokatika. Wewe uliyeendesha baiskeli usiku unalijua hili mwilini: ukisimama, taa inazima. Faraday ndiye aliyetuonyesha kwa nini inazima.

Sasa twende kwenye kipimo. Tuzo za Nobel zilianza kutolewa mwaka 1901 na Faraday alifariki mwaka 1867, na marehemu hapewi. Tuseme yuko hai. Wasia wa Alfred Nobel unataka kazi iliyowafaa wanadamu kuliko zote. Ndugu zangu, gesi ya Mnazi Bay inachomwa hapa Mtwara, inazungusha mitambo, na ndani ya mitambo hiyo kuna sumaku na shaba, kama hizi mezani kwangu. Gesi peke yake haiwashi taa. Maji ya bwawani nayo ni hivyohivyo, upepo pia. Kwa kipengele hiki nampa alama zote.

Kuna atakayesema hakuwa na digrii. Koichi Tanaka wa Japani alipata Nobel ya kemia mwaka 2002 akiwa na digrii ya kwanza tu, kwa hiyo hilo naliweka kando. Hoja nzito ni hesabu. Faraday hakuandika milinganyo. Alichora mistari ya nguvu kuzunguka sumaku, na baadaye James Clerk Maxwell ndiye aliyeigeuza kuwa hesabu. Lakini wasia unasema ugunduzi au uvumbuzi, na sindano iliruka kabla ya hesabu. Simpunguzii hata alama moja.

Ninapokwama ni kwa Joseph Henry. Huyu Mmarekani aliliona jambo lilelile kwa njia yake, ila Faraday alitangulia kulitangaza. Tuzo ya leo inaruhusu hadi watu watatu kugawana, na mimi ningewaita wote wawili jukwaani. Faraday apate fungu kubwa, kwa sababu hakuishia kwenye pete.

Na hili ndilo lililonigusa zaidi. Mwaka 1862, tayari mzee, alijaribu kuona kama sumaku inaweza kubadilisha mistari ya rangi kwenye mwanga wa moto. Hakuona kitu, vifaa vyake havikutosha. Miaka zaidi ya 30 baadaye Pieter Zeeman, Mholanzi, alirudia jaribio hilohilo kwa vifaa bora, akaona. Nobel ya fizikia ya mwaka 1902 ikaenda kwake na kwa Hendrik Lorentz. Yaani hata jaribio lililomshinda Faraday lilimfikisha mwingine kwenye tuzo. Mpwa, jibu lako ndilo hilo: angepata, tena si mara moja.

Haya, dainamo yenyewe. Kwa mwendo wa kawaida mita yangu inasoma karibu volti 6, taa inang'aa vizuri. Beringi imechoka kidogo, naitia grisi sasa hivi. Baiskeli inakuwa nzito taa ikiwaka, hilo mlitegemee. Jioni mpwa wangu anaendea madrasa.