Uzoefu wangu na raba za kuzuia mtetemo: aina tatu chini ya kompresa moja

Raba ninazozungumzia ni zile zinazowekwa chini ya mashine ili mtikisiko wake usishuke sakafuni. Nimezijaribu chini ya kompresa ya pistoni yenye uzito wa kilo 180, ukijumlisha fremu, mota na tangi lake. Mota inazunguka mara 1,450 kwa dakika. Puli ya pampu ni kubwa kuliko ya mota, kwa hiyo pampu yenyewe inazunguka mara 900 hivi. Mashine iko ghorofani na chini yake kuna ofisi. Watu wa ofisini walikuwa na haki kabisa ya kulalamika, maana kompresa ikiwaka tu, dari lao linanguruma na vioo vya madirisha vinatetemeka.

Hizo namba mbili, 1,450 na 900, ndizo zinazoamua raba ipi ifae na ipi isifae, na hakuna muuzaji hata mmoja aliyeniuliza. Wote waliuliza uzito tu. Uzito ni nusu ya habari. Ukigawanya mizunguko kwa 60 unapata mitetemo kwa sekunde: mota inatikisa mara 24, pampu mara 15. Raba inazuia mtetemo pale tu ambapo mashine iliyokaa juu yake, ukiisukuma na kuiachia, inadundadunda polepole kuliko inavyotikiswa ikiwa kazini. Hesabu yenyewe inadai mtikisiko wa kazini uzidi mdundo huo wa asili zaidi ya mara 1.4. Chini ya hapo raba haizuii chochote, na namba hizo mbili zikikaribiana inaukuza mtetemo badala ya kuupunguza. Ukifika mara 2 unabakiwa na theluthi moja hivi, ukifika mara 3 unabakiwa na kama asilimia 12.

Uzuri ni kwamba mdundo wa asili unaweza kuukadiria kwa rula. Pima urefu wa raba kabla ya kubeba mzigo, pima tena mashine ikiwa juu yake, toa. Hiyo tofauti ya milimita itafutie kipeuo cha pili, kisha gawanya 16 kwa jibu utakalopata. Raba iliyobonyea milimita 1 inakupa mdundo 16 kwa sekunde. Iliyobonyea milimita 4 inakupa 8. Kwa hiyo raba isiyobonyea haizuii mtetemo, hata iwe nene na nzito namna gani mkononi. Ningetamani sentensi hiyo ibandikwe kwenye kila boksi la raba linalouzwa.

Kabla ya kufunga chochote niliinua kila kona ya fremu na kuweka mizani chini yake. Kona hazikuwa sawa hata kidogo: upande wa mota na pampu kona mbili zilibeba kilo 58 na 52, upande wa pili 37 na 33. Ukigawa 180 kwa nne unapata 45, na karibu kila mtu ananunua raba kwa hiyo 45. Matokeo yake mashine inalala upande, na kila kona inadunda kivyake. Nilitoboa matundu mapya kwenye fremu na kuisogeza miguu miwili kuelekea upande mzito mpaka mizani zikakaribiana. Kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo majaribio yote yaliyofuata yasingekuwa na maana.

Nilianza na mkeka wa raba wenye mifereji, ule wa milimita 10 unaokatwa vipande vya mraba. Hauhitaji bolti, unauteleza tu chini ya mguu. Ulibonyea nusu milimita. Fanya hesabu: mdundo wa asili unatoka 22 kwa sekunde, juu ya pampu inayotikisa mara 15 na karibu kabisa na mota inayotikisa mara 24. Ndivyo ilivyokuwa. Ile sauti kali ya vyuma, ile ya juu inayochoma masikio, ilipungua kweli na ukisimama karibu na mashine ungesema umefaulu. Ila ofisini chini ngurumo iliongezeka. Mtu anayeupima mkeka huu kwa kusikiliza akiwa amesimama kando ya mashine ataupa nyota tano, na aliye chini atautupa dirishani. Siusemi vibaya moja kwa moja, maana mkeka uleule niliuweka baadaye chini ya pampu ya maji yenye mizunguko 2,900, na pale unafanya kazi nzuri kabisa kwa sababu mtikisiko wa mara 48 kwa sekunde uko mbali juu ya 22.

Jaribio la pili na la tatu ndilo lililonifurahisha zaidi. Nilinunua silinda za raba zenye sahani ya chuma juu na chini na bolti moja inayotokeza kila upande, kipenyo milimita 50, urefu milimita 40. Seti mbili. Kwa macho huwezi kuzitofautisha: rangi moja, umbo moja, bolti ileile. Tofauti ni ugumu tu, seti moja 60 na nyingine 40 kwa kipimo cha ugumu wa raba kiitwacho Shore A, ambacho namba ikiwa kubwa raba ni ngumu zaidi. Ukizibana kwa kidole gumba unaihisi tofauti kidogo sana, na nadhani ndiyo maana dukani zinachanganywa kwenye ndoo moja.

Zile za 60 zilibonyea kama milimita 2. Kwa hesabu ya rula mdundo ni 11. Lakini raba ikitikiswa haraka huwa ngumu kuliko ilivyo ikibanwa taratibu, na kadiri raba ilivyo ngumu ndivyo tofauti hiyo inavyokuwa kubwa, kwa hiyo mdundo wake halisi ulikaribia 13. Jirani kabisa na ile 15 ya pampu. Mota ilitulia vizuri, ila pampu ikapata uhuru wa kucheza, na mashine nzima ikawa inatingishika juu ya miguu yake kwa namna ambayo fundi aliyekuwa nami aliizima kabla sijasema neno. Hizi ndizo raba ambazo muuzaji alinishauri, akisema ngumu zinadumu. Zinadumu, sawa, lakini kwa mashine hii zilikuwa mbaya kuliko kukosa raba kabisa.

Zile za 40 zilibonyea milimita 4 na kitu, karibu nne na nusu. Hapo unaona kwa macho raba ikitoa tumbo pande zote, maana raba haisinyai ikibanwa. Ujazo wake unabaki uleule na inachoweza kufanya ni kutanuka pembeni. Usiiweke ndani ya kikombe cha chuma kinachoibana pembeni, itageuka kuwa jiwe. Nilipitisha kidole kuzunguka kila tumbo kuhakikisha halijagusa fremu wala kichwa cha bolti. Kubonyea kwa milimita 4.5 katika urefu wa 40 ni kama asilimia 11, na hicho ni kiasi ambacho raba inakistahimili kwa muda mrefu. Ikipita asilimia 20 ningeanza kuwa na wasiwasi.

Sikutaka kutegemea hesabu peke yake, kwa hiyo nilifanya kipimo cha kusukuma. Zima mashine, weka simu juu ya fremu ikiwa na programu inayochora mtetemo kutoka kwenye kitambuzi cha mwendo, sukuma fremu kwa kiganja kuelekea chini, achia. Kwenye kioo unachorwa mstari wa mawimbi unaofifia. Hesabu mawimbi ndani ya sekunde moja, huo ndio mdundo wa asili halisi, wala hauhitaji kuamini karatasi ya kiwanda. Kwa silinda za 40 nilipata karibu 8. Pampu inatikisa 15, mota 24, zote zinazidi hiyo 8 kwa zaidi ya mara 1.4. Rudia sukuma kwa pembeni pia, kwa sababu silinda hizi ni laini zaidi zikisukumwa ubavuni kuliko zikibanwa, na mashine ina mdundo wake wa kuyumba.

Matokeo ofisini: nikiweka simu ileile juu ya meza, urefu wa mawimbi kwenye kioo ulishuka zaidi ya nusu kulinganisha na mashine ilipokuwa imefungwa moja kwa moja sakafuni. Vioo havilii tena. Ngurumo haijaisha kabisa, na sikutarajia iishe, kwani sakafu ya ghorofa yenyewe ni kama springi, inanesa chini ya mzigo, tofauti na zege lililolala juu ya udongo. Raba ileile ingefanya vizuri zaidi chini. Mtu anayetaka kutulia kabisa ghorofani itabidi atafute springi za chuma zinazobonyea milimita 25, au aimwagie mashine tako la zege zito na kuweka raba chini ya tako hilo.

Niseme jambo ambalo wengi wanalilalamikia bila sababu. Mashine yenyewe haijatulia. Inatikisika kama zamani, pengine zaidi kidogo, na wakati wa kuzima inatingishika kwa nguvu sekunde moja hivi, kwa sababu mizunguko ikishuka lazima ipite kwenye ule mdundo wa 8. Hiyo siyo kasoro ya raba. Kazi yake ni kuilinda sakafu, siyo kuiponya mashine. Kama puli imepinda au fremu imepasuka, rekebisha hilo kwanza. Na hapa ndipo raba inapoishinda springi tupu: inakula sehemu ya nguvu hiyo yenyewe, hivyo mtingishiko wa kuzima unakufa haraka. Kwa kompresa inayojiwasha na kujizima mara nyingi kwa siku, hilo lina uzito.

Mafanikio hayo pia yasingeonekana bila kubadilisha bomba. Bomba la hewa lilikuwa la chuma, limefungwa ukutani kwa klampu, na hata baada ya raba nzuri kukaa ukuta uliendelea kuunguruma. Tulikata kipande na kuweka hosi ya kunesa yenye mkunjo wa kutosha. Waya wa umeme nao tukauachia kitanzi. Tofauti uliisikia papo hapo. Vilevile angalia bolti. Nimeona mahali pengine raba imetobolewa katikati na bolti ndefu ikapitishwa kutoka fremu mpaka kwenye zege, ikakazwa kwa nguvu zote. Hapo chuma kinaongea na chuma, raba ni pambo tu. Uzuri wa silinda za bolti mbili ni kwamba bolti ya juu na ya chini hazikutani. Katikati yake kuna raba. Mota na pampu nazo lazima zikae juu ya fremu moja, raba ziwe chini ya fremu hiyo, la sivyo mvuto wa belti utazivuta raba upande mmoja.

Kuhusu ubora wa bidhaa yenyewe: kwenye seti ya 40, raba moja ilikuwa na mwanya mwembamba pale raba inaposhikana na sahani ya chuma. Ukucha ulipenya. Nguvu yote ya raba ya namna hii iko kwenye ule mshikamano unaofanyika kiwandani wakati raba inapikwa, na mwanya ukishaanza haurudi nyuma. Niliirudisha na kubadilishiwa bila ubishi. Nilipima zote pia kwa kipimo cha ugumu, na zilipishana namba chache, jambo la kawaida kwa raba, nikazipanga zile ngumu kidogo upande uliobaki mzito. Usikubali kutumia silinda hizi kuning'iniza kitu; zimetengenezwa kubanwa, zikivutwa muda mrefu zinachanika. Kwa mashine ya kusafirishwa kwenye gari ningechukua zile zenye umbo la kofia, ambazo chuma chake kimeungana ndani kiasi kwamba hata raba ikikatika mashine haiwezi kuruka.

Baada ya wiki chache raba zilikuwa zimeshuka tena kidogo, karibu nusu milimita. Ni tabia ya raba chini ya mzigo wa kudumu, inashuka haraka mwanzoni kisha inapunguza mwendo. Nilisawazisha fremu kwa kuongeza washa (vile visahani vya chuma vyenye tundu vinavyovishwa kwenye bolti) upande mmoja na tangu hapo sijaigusa.

Kinachonipa mashaka kwa sasa ni kona moja tu, ile iliyo chini ya kizibo cha kumwagia oili. Raba zangu ni za mpira asilia, na mpira asilia ukilowa oili unavimba na kulegea kama sponji. Nimeweka kisahani cha bati juu yake kuikinga, na nimeshaagiza moja ya nitraili yenye ugumu uleule, ambayo haisumbuliwi na oili. Ikifika nitaifunga pale na kurudia kipimo cha kusukuma, kwa sababu namba 40 iliyoandikwa kwenye nitraili haimaanishi itatikisika sawasawa na 40 ya mpira asilia.