Samba kwenye ofisi ndogo: inafanya kazi, ila haisemi kosa liko wapi

Kompyuta kuukuu yenye Ubuntu na Samba inatosha kabisa kuwa kabati la faili la ofisi yenye Windows na Mac. Samba, programu ya bure iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992, huiwezesha Linux (Ubuntu ni aina mojawapo) kuelewana na Windows kwa SMB, yaani lugha ya Windows ya kushirikishana faili mtandaoni. Kasi haina neno: kwa kebo ya gigabiti, faili kubwa hufika karibu megabaiti 110 kwa sekunde diski ikiruhusu.

Kusakinisha ni amri moja, sudo apt install samba. Mwishoni mwa /etc/samba/smb.conf unaongeza:

[kazi]
path = /srv/kazi
read only = no
valid users = asha

Pitisha testparm ikague ulichoandika, kisha sudo systemctl restart smbd.

Wengi hukwama hapa. Windows inaomba nywila, unaiandika, inaomba tena. Samba haisomi nywila za Linux, ina orodha yake. Mtumiaji asha awepo kwanza kwenye Linux, ndipo umsajili: sudo smbpasswd -a asha. Kama uliwahi kuingia kwa jina jingine, Windows hung'ang'ania lile la zamani na kutoa kosa 1219. Kwenye Command Prompt ya Windows, ifute miunganisho kwa net use * /delete, ujaribu upya.

Nywila ikikubaliwa lakini faili hazihifadhiki, acha kuhangaika na smb.conf. Ile read only = no haizidi ruhusa za Linux zenyewe: sudo chown -R asha /srv/kazi. Na folda usiiweke ndani ya /home ya mtu mwingine. Tangu Ubuntu 21.04 humo kumefungwa kwa ruhusa 750, asiyehusika hapiti.

Folda isipoonekana kwenye Network ya Windows, usikimbilie kusakinisha upya. Kwenye sehemu ya anwani ya File Explorer andika \\192.168.1.10\kazi, ukiweka anwani ya seva yako. Ikifunguka, kinachokosekana ni kutangaza jina tu, na programu ndogo ya wsdd kwenye seva inalimaliza hilo. Isipofunguka ilhali ping (amri ya kujaribu kama seva inafikika) inajibu, shuku ukuta-moto: sudo ufw allow samba. Ping nayo ikinyamaza, angalia kama kompyuta imeingia kwenye Wi-Fi ya wageni, ambayo ruta nyingi huitenga na mtandao wa ndani.

Miongozo mingi bado inafundisha guest ok = yes, yaani kuruhusu mgeni aingie bila nywila. Windows 11 Pro toleo la 24H2 inadai saini ya SMB, yaani uthibitisho kwamba ujumbe haujachezewa njiani, na mgeni asiye na nywila hana cha kusainia, anakataliwa. Mashine za zamani za fotokopi nazo mara nyingi zinajua SMB1 (toleo la zamani la SMB) pekee, ambayo Samba imeizima tangu 4.11. Kuirudisha inawezekana kwa server min protocol = NT1, lakini WannaCry, programu hasidi ya mwaka 2017 iliyofunga faili za watu na kudai fidia, ilipenya kwa udhaifu wa SMB1 ya Windows. Heri skana ya mashine hiyo itume kwa FTP, njia nyingine ya kutuma faili.

Kwa Mac, bonyeza Command-K kwenye Finder, uandike smb://192.168.1.10/kazi. Chini ya [global] weka vfs objects = catia fruit streams_xattr, la sivyo watu wa Windows watakuulizia kila siku faili zinazoanza na ._ zimetoka wapi.