Mkongojo wa barafu: unakunjika vizuri, unasimama vibaya

Nyota mbili na nusu kati ya tano, kwa fremu ya kujishikilia unapojifunza kuteleza barafuni. Ile nusu ni ya mfuko wake.

Mimi ni fundi seremala, Langoni, Lamu, miaka 54. Msiniulize mtu wa Amu anatafuta nini kwenye barafu. Binti yangu kaolewa Nairobi, na mjukuu wangu wa miaka minane haambiwi kitu kuhusu ule uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Mombasa Road, uwanja waliojifunzia vijana wa Ice Lions, timu ya magongo ya barafuni. Siku ya kwanza nilianguka mara sita kabla sijauachia ukuta. Mara ya saba nikakaa palepale, mjukuu ananizunguka, "Babu, inuka, utalowa!" Mkwe wangu akaona haya kwa niaba yangu, akaniagizia kifaa hiki mtandaoni kwa shilingi 11,500. Ni fremu ya alumini ya kushikilia mtu mzima anayejifunza, ikikunjwa inalala bapa kama meza ya kupigia pasi. Muuzaji kaupa jina refu. Mimi nauita mkongojo.

Wazo lenyewe silipingi. Vile vya plastiki vyenye sura ya pengwini, ambavyo viwanja vingi vya barafu huko duniani huwa navyo, ni vya watoto. Mtu mzima akivishika anainama kama anapalilia, uzito unatangulia, miguu inabaki nyuma, na kinachofika chini kwanza ni kifua. Mkubwa anataka kishikio kinachofika nyongani, asimame, magoti yamelegea kidogo, mikono iguse tu. Hapo muuzaji kaelewa.

Na kukunjika, unakunjika. Kwenye mizani yangu ya dukani ulisoma kilo 5 na ushee. Nilirudi nao nyumbani chini ya basi mpaka Mokowe, kisha boti, kisha juu ya punda, na haukupata hata mkwaruzo. Pale jetini waliniuliza ni kitanda cha mgonjwa gani.

Sasa tatizo. Wengi wenu mna marufaa nyumbani, kile kibao cha kuwekea msahafu, mbao mbili zilizopitana katikati. Ukikipanua, kinakaa chini na kutulia. Ukikibana, kinapanda juu, lakini kikiguswa na mtoto kimelala. Mkongojo huu ni marufaa tupu. Miguu imepitana mbele kama mkasi, na kimo chake unakipanga kwa kuubana mkasi huo. Maana yake kila unapotaka uwe mrefu, nyayo zake zinasogeleana. Nilichukua futi nikapima: vishikio vikiwa sentimita 80 kutoka chini, nyayo zimeachana 75. Nikipandisha mpaka 95, kimo ninachohitaji mimi mwenye futi sita kasoro inchi moja, zimebaki 55. Yaani aliye mrefu, ambaye akianguka anaanguka kutoka juu zaidi, ndiye anayepewa msingi mwembamba. Na yeye mwili wake hauanguki mbele tu. Mguu mmoja wa kiatu ukikimbia pembeni, unaegemea upande huo wote. Mara mbili mkongojo ulipinduka ubavu nikaufuata. Mara ya pili ulinibana kidole cha kati kwenye mkasi, ukucha mpaka leo ni mweusi.

Dawa yake si ngumu. Usikabidhi kazi mbili kwa kiungo kimoja. Upana uwe wa kudumu, ubavu ukunjwe kwa bawaba kama ubawa wa mlango, na kimo kipandishwe na vishikio peke yake, bomba ndani ya bomba, kama miguu ya kamera. Utakuwa na bawaba mbili za ziada na labda nusu kilo. Potelea mbali nusu kilo.

Kitufe cha kufungia nacho kimetengenezwa na mtu aliyekaa mezani mikono mitupu. Ni kidogo kama punje ya mahindi, na barafuni unavaa glavu. Halafu nilikosa adabu, nikaulaza mkongojo juu ya barafu robo saa nikanywe chai. Maji yaliyoingia kwenye tundu la pini yakaganda. Tulivuta mimi na mkwe, wapi. Ikabidi tuutoe nje ya uwanja, niumwagie chai iliyobaki kikombeni, ndipo pini ikatoka. Chai ya tangawizi, kama inasaidia.

Bolti ni za chuma cha kawaida. Wiki tatu kwenye daka langu, kwa chumvi hii ya bahari, zimeshashika kutu nyekundu. Sitamlaumu sana, nadhani hakumfikiria mteja wa Lamu.

Anayeanza kabisa, mfupi, utamfaa saa mbili tatu za mwanzo. Baadaye auache hata kama umemzoea, maana nilijikuta natembea nikiusukuma badala ya kuteleza, na nilipouachia nilikuwa sijajifunza lolote zaidi ya kusukuma. Mrefu asinunue.

Mimi naunda wa kwangu. Fremu nimeshapata, nikakwama kwenye nyayo. Juzi nilikwenda kwa wenye samaki nikanunua bonge la barafu, nikaliweka juu ya meza ya kazi, nikaburuza juu yake kipande cha bambakofi nilichokipiga randa vizuri, kisha kipande cha jerikeni la mafuta. Mbao ilianza vyema, ikalowa, ikawa inashika. Jerikeni liliteleza mpaka likaanguka upande wa pili wa meza. Yule kijana wa barafu alikuwa ameniuliza, "Fundi, hii ni ya changu au ya juisi?" Nikamwambia ya kutelezea. Akanitoza bei ya juisi.