Kiganja juu ya kichwa cha mtoto: siku yetu kwenye bustani ya mabembea, Florida

Jina la bustani silitaji. Ni kubwa, iko Florida, na anayetaka bei au saa za kufungua atazipata mwenyewe. Mimi naandika kuhusu kipimo cha urefu, maana ndicho kilichotuharibia siku, na kuna familia nyingine zitakazofika pale wakakutana na yaleyale.

Ukishapita lango tu, kuna kibanda cha kupimia watoto. Binti yetu wa miaka saba alisimama ubaoni na raba zake miguuni, nywele zimefungwa fundo utosini. Wakasema amefika inchi 48, yaani sentimita 122, wakamfunga utepe wa rangi mkononi wa kumruhusu kupanda rola kosta kubwa, yaani magari yanayokimbia kwenye reli za kupanda na kushuka. Tukapanga foleni juani, zaidi ya saa nzima. Tulipofika mlangoni kabisa, mhudumu hata utepe hakuutazama. Alimwekea mtoto kiganja kichwani, akalikandamiza fundo la nywele mpaka likalala. Hakumwomba ruhusa mama yake, mimi wala mtoto mwenyewe. Kisha akasema kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia: "Mfupi huyu. Mtoeni, mnachelewesha watu."

Mtoto wa mwenzio hashikwi kichwa namna ile. Nikikumbuka tu, damu inachemka.

Lakini haki yake nimpe: kipimo chake kilikuwa sahihi, cha langoni ndicho kilichokuwa kibovu. Fundo la nywele huongeza sentimita mbili au tatu hivihivi. Halafu kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: mtu hupungua urefu mchana. Uti wa mgongo una vijisahani laini kati ya mifupa, usiku hujaa maji, na ukishaamka ukasimama na kutembea huminywa. Mtu mzima hupoteza karibu sentimita moja kati ya asubuhi na jioni, mtoto kiasi cha nusu sentimita. Aliyegusa mstari saa tatu asubuhi, saa nane mchana yuko chini yake.

Na sheria yenyewe ina sababu. Gari la rola kosta si rahisi kuchomoka relini, kwa kuwa lina magurudumu ya juu ya reli, ya ubavuni na ya chini yake. Mmarekani John Miller alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya hayo ya chini mwaka 1919. Hatari iko kwenye kiti. Gari likivuka kilele kwa kasi, mwili hunyanyuka, na kinachokuzuia ni chuma cha mapajani. Chuma hicho kikiwa kimoja kwa watu wawili, huishia kwenye paja nene zaidi. Mtoto mwembamba aliyekaa pembeni ya baba yake anabaki na pengo, na pengo hilo ndilo analochomokea. Kwa hiyo mzazi anayemwekea mtoto vitambaa ndani ya viatu ili afike mstari, aache. Anamdanganya mtu asiye adui yake.

Kumkatalia, basi, alikuwa sawa. Mkono wake na ulimi wake ndivyo visivyosameheka. Na kuna kosa la tatu ambalo kwangu ni zito kuliko yote: hakutuambia kuhusu zamu. Bustani kubwa za Florida kwa kawaida zina utaratibu kwa wazazi wenye mtoto asiyefika kipimo. Unamweleza mhudumu wa mwanzo wa foleni, kabla hujaingia. Mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha mnabadilishana bila huyo wa pili kupanga foleni upya. Kijana wetu mkubwa angeweza kupanda na mimi, kisha mama yake naye akapata zamu. Badala yake wote wanne tulitolewa kwa mlango wa pembeni kama wezi.

Ukienda, mpime mtoto nyumbani, tena jioni. Avue viatu, visigino viguse ukuta, nywele zifunguliwe au zisukwe twende kilioni zilale. Weka kitabu chenye jalada gumu kichwani, kibane ukutani kiwe sawa, piga alama kwa penseli, upime kwa futi kamba. Mistari utakayoikuta sana ni inchi 42 (sentimita 107), 48 (122) na 54 (137). Asipouzidi mstari kwa sentimita moja na nusu, msimwahidi kitu. Mkifika, mpelekeni kwenye kipimo cha mlango wa bembea lenyewe kabla ya kuingia foleni. Utepe wa langoni usiutegemee.

Nilitaka kuishia hapo na kuwaambia msiende. Ila alasiri ilikuja radi, kama ilivyo kawaida ya Florida miezi ya joto, wakafunga mabembea yote ya nje. Ilipotulia hawakupakia watu mara moja, walizungusha magari matupu kwanza, na hilo nililipenda. Tukaenda kwenye rola kosta ndogo ya inchi 42. Dada aliyekuwa mlangoni alipiga magoti mbele ya binti yetu, akamwambia arudishe visigino nyuma, akamuuliza: "Naweza kushusha nywele zako kidogo?" Alisubiri mpaka mtoto akaitikia. Kisha akabonyeza chuma cha mapajani, akakivuta juu kuhakikisha, akabonyeza tena. Mtoto alishuka anacheka, akataka kurudia, tukarudia mara tatu. Kwa ajili ya dada yule ningewapa alama zote.

Ningewapa, kama tusingepita ofisi ya malalamiko wakati wa kutoka. Tuliwaeleza kila kitu, nywele, maneno na foleni. Msimamizi alisikiliza, akaandika, akatupa pasi nne za kuingia bila foleni. Kwa binti yetu hakusema neno hata moja, naye alikuwa amesimama pale pale mbele yake. Pasi zenyewe ni za rola kosta ileile ya inchi 48.